'Lie' na 'Lay': Kulala, Kulaza na Hukumu ya Sarufi

Ni jozi chache za vitenzi vya Kiingereza zinazowasumbua waandishi, wenyeji wa lugha hiyo na wageni pia, kama 'lie' na 'lay'. Mwanafunzi huandika 'he laid on the bed'. Mwalimu hupiga mstari mwekundu na kuandika 'lay' pembeni. Baadaye mwanafunzi yule yule, akilikumbuka sahihisho, huandika 'yesterday she lay the baby on the bed', na mstari mwekundu hurudi. Amesahihishwa mara mbili, wala hajafundishwa hata mara moja. Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki namna jozi hii inavyoelezwa katika vitabu vya sarufi vya kawaida, na kuonyesha kwamba maelezo yaliyo bora zaidi yamo katika sarufi ya Kiswahili, ambayo mwanafunzi wa Kenya anayo tayari.

Ukweli wa maumbo yenyewe si mgumu kuutaja. 'Lie', yaani kulala au kujinyoosha, katika wakati uliopita huwa 'lay', na umbo lake la tatu ni 'lain'. 'Lay', yaani kulaza au kuweka, huwa 'laid' katika nafasi zote mbili. Matata yamo katika neno 'lay', ambalo ni wakati uliopita wa kitenzi cha kwanza na papo hapo ni umbo la msingi la kitenzi cha pili. Juu ya hayo ipo 'lie' nyingine, yenye maana ya kusema uongo, ambayo hufuata kanuni na kuwa 'lied'.

Vitabu vingi huyaweka maumbo haya katika jedwali la safu tatu, lililopangwa kwa alfabeti. Jedwali hilo halisemi uongo, lakini linaficha jambo lililo kubwa. 'Lay' na 'lie' huonekana humo kama majirani waliokutanishwa na herufi zao za mwanzo tu, kumbe ni mzazi na mtoto. Tena linamfanya msomaji aamini kwamba vitenzi vyote viwili vimeasi kanuni kwa kiasi kimoja. Si kweli. 'Laid' ikisikizwa kwa sikio ni umbo la kawaida kabisa: ni 'lay' iliyoongezwa sauti ya d, kama ilivyo 'played'. Kisichokuwa cha kawaida ni tahajia yake tu. Katika jozi hii mkaidi halisi ni mmoja, 'lie', ambacho huonyesha wakati uliopita kwa kubadilisha irabu ya ndani.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Katika Kiingereza cha Kale, kulala kulikuwa 'licgan', na wakati wake uliopita 'læg'. Kulaza kulikuwa 'lecgan', na wakati wake uliopita 'legde'. Kitenzi hiki cha pili kilikwisha kunyambuliwa kutoka kile cha kwanza katika lugha ya kale iliyozaa Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi. Shina lenye irabu ya wakati uliopita lilitiwa kiambishi chenye sauti ya y, likawa kitenzi cha kutendesha: kumfanya mtu au kitu kilale. Sauti hiyo ya y iliivuta irabu iliyoitangulia, ikaibadilisha, kisha yenyewe ikapotea. Baadaye mabadiliko ya sauti yakayafanya maumbo mawili, moja la mzazi na moja la mtoto, yafanane kabisa.

Njia hiyo ilizaa jozi nyingine pia. 'Set' ni kutendesha kwa 'sit', kama ketisha kwa keti. 'Fell', yaani kuangusha mti, ni kutendesha kwa 'fall', yaani kuanguka. Hata 'drench', ambayo leo ni kulowesha, hapo kale ilikuwa kunywesha, kwa kuwa ilitokana na 'drink'. Lakini kanuni iliyoziunda jozi hizi ilikufa zamani. Mwingereza wa leo hawezi kuunda nyingine kwa njia hiyo, na kwa sababu hiyo haoni tena uhusiano uliopo kati ya zile zilizosalia. Kwake zimekuwa maneno ya kukariri.

Kwa msemaji wa Kiswahili, kanuni ya namna hii ingali hai. Kutoka lala tunapata laza. Kutoka jaa, jaza. Kutoka waka, washa. Kutoka pona, ponya. Kutoka ogopa, ogofya. Tena, kwa wanaisimu, mfanano huu una jambo la kupendeza. Wataalamu wa lugha za Kibantu wameonyesha kwamba nyuma ya maumbo kama laza na washa palikuwa na kiambishi chenye sauti ya i, ambacho kiliibadilisha konsonanti iliyokitangulia kisha chenyewe kikamezwa. Huko Ulaya iliyobadilika ni irabu. Huku kwetu iliyobadilika ni konsonanti. Lugha hizi hazina udugu, wala hatudai kwamba moja iliiga nyingine. Tunachosema ni kwamba zilikabili haja moja kwa njia zinazokaribiana, na kwamba ile iliyohifadhi kanuni yaweza kuifafanulia ile iliyoipoteza.

Faida yake darasani ni dhahiri. Mtu akisema kwa Kiswahili 'alilaza kitandani', kila sikio litauliza: alimlaza nani? Swali hilo hilo ndilo linaloibatili sentensi 'he laid on the bed'. Kitenzi elekezi kimeachwa bila yambwa. Kinyume chake, 'mama alimlaza mtoto' ni 'the mother laid the child down'. 'Mtoto alilazwa' ni 'the child was laid down'. Na 'mzee alilala chini ya mwembe' ni 'the old man lay under the mango tree'. Msomaji wa riwaya ya William Faulkner ya mwaka 1930, As I Lay Dying, akiwa na kipimo hiki hatapotea katika jina lake: 'lay' hiyo haina yambwa, basi ni kulala kwa wakati uliopita.

Hata hivyo kipimo hiki kina mipaka yake, na mwalimu asiyeitaja atakuwa amebadilisha jedwali moja kwa jingine. Kwanza, lala ya Kiswahili hubeba pia maana ya usingizi, ambayo 'lie' haina. Mtu aweza kuwa katika hali ya 'lying' naye yu macho. Pili, kuku wetu halazi mayai, bali hutaga; meza huandaliwa, na msingi huwekwa; na kote huko Kiingereza hutumia 'lay'. Tatu, mji uliopo pwani haulali pwani, wala kitabu hakilali mezani, ingawa Kiingereza husema 'lie' kwa vyote viwili. Kwa hiyo kinachopaswa kushikwa si tafsiri ya neno kwa neno. Kinachopaswa kushikwa ni swali lenyewe: je, kitenzi hiki kina yambwa, au kimetendwa juu ya kitu? Lala na laza ni mlango wa kuingilia katika swali hilo.

Yupo atakayepinga kwamba kazi hii ni bure, kwa sababu wenyeji wenyewe wameacha kuitofautisha jozi hii. Hoja hiyo ina uzito. Byron alitumia 'lay' mahali pa 'lie' katika sehemu ya nne ya Childe Harold's Pilgrimage, iliyotoka mwaka 1818, katika ubeti ambao vina vyake viliitaka sauti hiyo. Katika mazungumzo ya leo matumizi hayo yameenea. Tena kuna mfano wa jozi iliyokwisha kuungana: Kiingereza cha Kale kilikuwa na kitenzi kimoja cha kuungua na kingine cha kuunguza, na vyote viwili leo ni 'burn', bila Kiingereza kuanguka. Huenda 'lie' na 'lay' nazo zimo katika njia hiyo.

Lakini mtihani hausahihishwi kwa Kiingereza cha karne zijazo. Katika maandishi rasmi tofauti hii ingali inadaiwa, na anayeivunja huhukumiwa kuwa hajui lugha. Mwenyeji akiivunja husemwa amezembea; mwanafunzi wetu akiivunja husemwa hajasoma. Kwa kuwa adhabu haiko sawa, haifai tumwachie jedwali la kukariri.

Tunapendekeza basi kwamba walimu wa Kiingereza na walimu wa Kiswahili, ambao katika shule nyingi hufundisha darasa moja kwa zamu pasipo kushauriana, walifundishe somo la kutendesha kwa pamoja. Ni desturi kukitaja Kiswahili katika darasa la Kiingereza kama chanzo cha makosa tu. Katika jambo hili ni chanzo cha maarifa, na mwanafunzi anastahili kuambiwa hivyo.