Heko, Wafyatua Vinguzo

Kando ya barabara nyingi za Dar es Salaam zimepangwa nguzo fupi za zege, zenye tumbo la mtungi na shingo nyembamba, zikingoja kupelekwa kwenye baraza za watu. Wapitao huona urembo tu. Wanaozifyatua wanastahili pongezi, maana kazi yao ni ya vipimo na subira.

Kwanza ni kalibu: vipande viwili vya chuma au faibaglasi, hupakwa oili zege lisigandie, kisha hufungwa kwa boliti. Ndani husimamishwa nondo nyembamba, katikati kabisa. Ikisogea pembeni, unyevu huifikia, hushika kutu, hutanuka na kupasua zege. Kokoto huchaguliwa zile ndogo, zipite shingoni. Maji hupimwa kwa uchoyo: yakizidi, zege humiminika vizuri lakini hugeuka dhaifu. Kisha kalibu hugongwagongwa ili hewa itoke, la sivyo uso hubaki na matundu.

Kesho yake kalibu hufunguliwa, lakini fundi mwema hauzi siku hiyo. Huvifunika vinguzo kwa magunia na kuvimwagilia wiki nzima, kwa kuwa zege hukomazwa na maji, si jua. Hata wahandisi hupima nguvu yake siku ya 28. Mteja haoni maji hayo. Mtoto anapoegemea ukingo wa baraza, uaminifu huo ndio unaomkinga.

Mafundi wa namna hiyo, hongereni. Nanyi wenye nyumba, msiwapunje bei.