Neno Hau na Milango ya Maktaba

Mwaka 2011 lilianza kutolewa jarida la anthropolojia, yaani elimu ya watu na mila zao, lililopewa jina la HAU. Halikuuzwa: kila makala iliwekwa katika intaneti, na aliyetaka kuisoma aliisoma bila ya malipo. Mwaka 2018 likakabidhiwa kwa matbaa ya Chuo Kikuu cha Chicago, na makala mpya zikawa wazi kwa muda mfupi tu kila toleo lilipotoka, kisha zikafungwa kwa wasiolipa. Mambo ya namna hii ni ya kawaida katika biashara ya vitabu, wala yasingestahili kuandikiwa lau jina la jarida lingekuwa jingine.

Hau ni neno la Kimaori, lugha ya wenyeji wa New Zealand. Mmaori mmoja, Tamati Ranapiri, alimwandikia mtafiti Elsdon Best kumfafanulia neno hilo. Alitoa mfano: mtu akimpa mwenziwe kitu cha thamani, na mwenziwe akampa mtu wa tatu, kisha huyu wa tatu akarudisha kitu kingine, basi kilichorudishwa ni hau ya kile cha kwanza. Hapana budi kifike kwa mwenyewe wa asili, na atakayekizuia atapatwa na madhara. Best aliyapiga chapa maneno hayo mwaka 1909, na la kushukuriwa ni kwamba aliyaweka kwa Kimaori chenyewe pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss akayajengea insha yake mashuhuri juu ya zawadi, akiifasiri hau kuwa roho iliyomo ndani ya kitu.

Tafsiri hiyo ilipingwa. Raymond Firth aliitilia shaka mwaka 1929. Na Marshall Sahlins, katika kitabu chake cha 1972, alirudi kwenye maneno ya Ranapiri, akapata tafsiri mpya kutoka kwa Bruce Biggs, mjuzi wa Kimaori, akatoa hoja kwamba hau hapo ni ziada itokanayo na kitu. Mfasiri wa Kiswahili naye angelazimika kuchagua: akiandika “roho” amemfuata Mauss, akiandika “faida” amemfuata Sahlins, pengine “baraka” ingewakaribia wote wawili. Ubishi huo uliwezekana kwa kuwa maneno ya asili yalikuwa yamechapwa, na mwenye kutaka aliweza kuyaona. Leo husomwa na yeyote, bure, katika hazina ya Maktaba ya Taifa ya New Zealand.

Hapa ndipo lilipo shina la jambo. Watetezi wa uwazi aghalabu huzungumza juu ya kuwahurumia wasomaji maskini. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ni dhaifu, kwani huruma ni hiari. Yenye nguvu zaidi ni hoja ya kitaalimu: madai juu ya watu hayajathibitika mpaka watu wenyewe waweze kuyasoma na kuyakanusha. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938, wakiandika desturi za Wanyakyusa. Mwalimu wa shule huko Tukuyu, ajuaye Kinyakyusa kuliko mhariri yeyote wa Ulaya, aweza kugundua neno lililofasiriwa vibaya. Lakini ikiwa makala moja yauzwa kwa makumi ya dola, kosa litaendelea kunukuliwa, na ajuaye kulisahihisha hataliona.

Wachapishaji hujibu kwamba kuhariri kuna gharama. Ni kweli, jarida haliendeshwi kwa nia njema peke yake. Walakini waandishi wa makala na wanaozipima aghalabu hawalipwi na mchapishaji. Vyuo huwalipa mishahara, kisha vyuo hivyo hivyo hununua kazi yao. Jarida la Cultural Anthropology la Marekani lilifunguliwa kwa wasomaji wote mwaka 2014, na heshima yake haikupungua.

Iko na njia nyingine ya uwazi isiyopasa kushangiliwa, nayo ni kumtoza mwandishi. Ada hiyo katika majarida makubwa mara nyingi huzidi dola 2,000. Msomaji wa Dodoma hufunguliwa mlango wa kusoma, na mhadhiri wa Dodoma hufungiwa mlango wa kuandika. Afadhali mpango ulioanzishwa na matbaa ya Berghahn mwaka 2020 kwa majarida 13 ya anthropolojia: maktaba huendelea kulipa kama zamani, na makala huwa wazi kwa wote, pasipo ada kwa mwandishi. Udhaifu wake wajulikana, kwani maktaba yoyote yaweza kuacha kulipa ikitegemea nyingine.

Wakati hayo yakijaribiwa, mtafiti anaweza kuweka nakala ya makala yake katika hazina ya chuo chake, jambo ambalo wachapishaji wengi huliruhusu, wengine baada ya muda wa kungoja. Nakala hiyo ifuatane na maneno ya watoa habari katika lugha yao wenyewe, kama alivyofanya Best.