Heko kwa Fundi wa Amplifaya za Vali

Fundi anayesawazisha sauti za chaneli mbili za amplifaya ya gitaa anastahili pongezi hasa kwa sababu anajua kubadilisha kidogo. Chukua Marshall Super Lead ya Uingereza, mzao wa JTM45 ambayo saketi yake iliigwa kutoka Bassman ya Fender ya Marekani. Chaneli moja imetulia. Nyingine, katika matoleo mengi, ina kapasita ya takriban pikofaradi 5,000 kwenye kidhibiti sauti, hivyo sauti kali hupenya hata kidhibiti kikiwa chini. Ukifika namba 2 tu masikio yanauma, ilhali chaneli iliyotulia bado inanong'ona.

Wapo wasemao: si apunguze tu sauti? Hapo ndipo tatizo linapozidi, kwa kuwa kadiri unavyoshusha ndivyo ukali unavyoizidi besi. Fundi hodari huyeyusha lehemu, huweka kapasita ndogo, labda ya pikofaradi 100, kisha husikiliza kabla ya kugusa kingine chochote. Wengine hulalamika kwamba chombo cha kale kinapoteza uasilia wake. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kazi safi: kapasita ya awali ihifadhiwe, irudishwe wakati wowote. Tena haya yote hufanyika penye volti zaidi ya 400, ambazo zaweza kubaki ndani hata plagi ikishachomolewa. Mwenye amplifaya kama hiyo asiifungue mwenyewe. Ampelekee fundi, na amlipe ipasavyo.