Namna ya Kukikagua Kiungo cha Bomba la PPR

Kiungo kizuri hujulikana kwa pete yake. Bomba linapoingia kwenye soketi, plastiki iliyoyeyuka husukumwa nje na kuacha pete mbili nyembamba zilizobanana, zenye unene uleule pande zote. Pitisha kidole hadi nyuma, upande wa ukutani, maana huko ndiko mkono wa fundi hufika kwa shida. Pete ikiwa imekatika, hapo plastiki haikushikana. Ikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, bomba limeingia mshazari.

Pete nene kupita kiasi ndiyo inayowadanganya wenye nyumba wengi, kwa kuwa huonekana imara. Plastiki iliyojaa nje imejaa na ndani pia, ikaibana njia ya maji. Bomba la milimita 20 lenye ukuta wa milimita 3.4 lina tundu la milimita 13 tu. Na nyumba zetu nyingi hupata maji kutoka tangi lililo juu ya mnara, ambapo kila mita ya kimo hutoa shinikizo la takriban bar 0.1. Elbo chache zilizozibwa nusu zinatosha kuidhoofisha shawa, na mwenye nyumba akakimbilia kununua pampu ilhali kasoro imo ukutani.

Basi mtazame fundi anavyofanya kazi. Mashine ya kuchomelea inatakiwa ifike nyuzi 260. Bomba la 20 hukaa motoni sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Fundi ninayemwamini hulikata bomba kwa mkasi wake likawa sawa, hulifuta vumbi na maji, kisha huweka alama ya penseli mahali litakapoishia, takriban milimita 14 kwa bomba la 20. Akilitoa motoni hulisukuma moja kwa moja bila kulizungusha, na hulishikilia litulie. Anayepindapinda elbo baada ya plastiki kuanza kuganda anakivunja kiungo ambacho bado hakijapona.

Mwombe, kabla kazi haijaanza, achomelee kiungo kimoja cha majaribio, kisha akipasue kwa msumeno kwa urefu. Huo ndio ukaguzi ninaouthamini kuliko wote. Kwenye mkato, usiuone mstari unaotenganisha bomba na soketi. Plastiki iwe imekuwa kitu kimoja, na tundu libaki wazi. Fundi bora hakasiriki kwa ombi hilo. Anayekasirika, tafuta mwingine.

Viungo vya nyuzi, vya koki na shawa, havina mengi: tepu nyeupe izungushwe kufuata nyuzi, na mkono usikaze kwa hasira, la sivyo plastiki inayoshika shaba itapasuka.

Maji ya moto yanataka nafasi. PPR ya kawaida yenye urefu wa mita 5, joto likipanda nyuzi 40, hurefuka kwa takriban milimita 30. Ikibanwa kila mahali itajipinda.

Mwisho, mabomba yajazwe maji, hewa itolewe, yapandishwe shinikizo kwa pampu ya mkono, na mshale wa geji uangaliwe. Ukizidi kushuka, tafuteni panapovuja. Ukitulia, piga picha ya kila ukuta, futi kamba ikiwa kando ya bomba, ndipo umwite fundi wa plasta.