Jina la Kiswahili, Faragha ya Kiingereza: Usemi wa Mapenzi na Makuzi katika Filamu ya Rafiki

Filamu ya Rafiki (2018), iliyoongozwa na Wanuri Kahiu, imejadiliwa zaidi na mawakili kuliko wahakiki. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Mwezi uliofuata ilionyeshwa Cannes, ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika uteuzi rasmi wa tamasha hilo. Septemba mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, na watazamaji wa Nairobi wakafurika ukumbini. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba marufuku ilikuwa halali. Historia hii haiwezi kupuuzwa, ila imeuletea uhakiki hasara moja: kila anayeiandikia filamu hii hujikuta ama anaitetea ama anaishtaki, na kazi ya sanaa hubaki kuwa kielelezo cha kesi. Makala haya yanauliza swali dogo zaidi, ambalo wasomaji wa Kiswahili wana haki ya kwanza ya kuliuliza. Kwa nini filamu ambayo wapenzi wake huambiana siri zao kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza ilipewa jina la Kiswahili?

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Kena, msichana aliyemaliza sekondari na anayesubiri matokeo ya mtihani, anaishi na mama yake katika mtaa wa Nairobi uitwao Slopes. Wazazi wake wametengana. Baba, John Mwaura, ana duka na anagombea kiti cha kisiasa. Mpinzani wake ni Peter Okemi, baba yake Ziki. Wasichana hawa wawili wanafahamiana, wanazoeana, kisha wanapendana. Mama Atim, mwenye kioski, pamoja na binti yake, wanayaona yanayoendelea na kuyatangaza. Wapenzi wanashambuliwa na kundi la watu, wanafikishwa kituo cha polisi, na Ziki anapelekwa London. Ugomvi wa kisiasa wa akina baba ni kiunzi kikuukuu cha familia mbili hasimu, na filamu haikifanyii kazi kubwa. Nguvu yake haiko hapo.

Nguvu yake inaanzia kwenye jina. Kahiu amewahi kueleza kwamba Wakenya walio katika mapenzi ya jinsia moja mara nyingi hulazimika kuwatambulisha wapenzi wao kwa neno hili tu: rafiki. Maelezo hayo yanatosha kwa mtazamaji wa kigeni, bali mwanaisimu ana la kuongeza. Nomino za watu katika Kiswahili hazibebi jinsia, na viambishi vyetu vya nafsi havina kazi nayo. Anayesema “anampenda” hajatuambia chochote kuhusu jinsia ya mtenda wala ya mtendwa. Mpenzi, mwandani, mwenzangu na rafiki ni maneno ambayo mtu anaweza kuyatumia maisha yake yote bila kuulizwa na sarufi kile asichotaka kujibu. Msemaji wa Kiingereza, akishafika kwenye kiwakilishi cha nafsi ya tatu, hulazimika kuchagua. Kwa hiyo jina Rafiki si tafsida tu iliyobuniwa na watu wenye hofu. Ni nafasi ambayo sarufi ya lugha imekuwa nayo muda wote. Asili ya neno nayo inasaidia: katika Kiarabu ni mwandani, hasa yule mnayefuatana safarini.

Lakini filamu ni picha, na hapo ndipo mvutano halisi wa kazi hii ulipo. Kile ambacho kiambishi a- kinakisitiri, kamera inakionyesha. Tunawaona wasichana wawili. Hakuna ngeli itakayotuficha. Katika hadithi iliyoandikwa kwa Kiswahili, mtunzi angeweza kuyachelewesha maarifa hayo hadi ukurasa wa mwisho, na ni jambo la kushangaza kwamba waandishi wetu wameitumia fursa hiyo mara chache sana. Katika filamu haiwezekani. Jina linafunika, picha inafunua, na mtazamaji wa Kiswahili hukaa katikati, akijua neno ambalo wahusika wangelisema mbele ya watu na akiona jambo ambalo neno hilo linalinda.

Kuna neno jingine ambalo kwa msemaji wa mwambao lingekuwa sahihi zaidi. Kwa Kiswahili cha Tanga na Unguja, shoga ni jina ambalo mwanamke humwita mwanamke mwenzake aliye rafiki yake wa karibu. Ndilo hasa lililokuwa likiutaja uhusiano wa Kena na Ziki jinsi unavyoonekana na majirani katika theluthi ya kwanza ya filamu: wasichana wawili wanaopenda kukaa pamoja. Leo neno hilo lina maana ya pili, inayomhusu mwanamume anayewapenda wanaume, na maana hiyo imeivamia ile ya kwanza kiasi kwamba wasichana wengi wa mijini huona salama zaidi kusema shosti. Maana inaposogea hivi, hasara ni zaidi ya neno. Wanawake wanapoteza istilahi ya ukaribu wao, na ukaribu wenyewe unaanza kutiliwa shaka. Kahiu, mtu wa Nairobi, hakuwa na sababu ya kulifikiria neno hili. Kwetu sisi ni vigumu kulitazama jina la filamu bila kulisikia lile ambalo halikutumika.

Filamu imetokana na “Jambula Tree”, hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi hiyo ni barua. Anyango anamwandikia Sanyu, anayerejea kutoka London, na kila tukio linasimuliwa kwa nafsi ya pili: wewe ulifanya, wewe ulisema. Mama Atim yumo tayari katika hadithi hiyo, na jina lake limehamishwa bila kubadilishwa. Kilichopotea katika uhamisho ni nafsi ya pili. Filamu haina barua wala sauti inayosimulia. Kamera inamfuata Kena kwa nje. Naelekea kuamini kwamba jina la filamu linafidia upungufu huo. Mtu anaweza kulitumia neno “rafiki” kumtajia mwingine habari, na anaweza pia kuita kwa neno hilohilo. Kwa hiyo ndani ya jina mmebaki mwangwi wa barua iliyoondolewa.

Tukiingia ndani ya mazungumzo, mgawanyo wa lugha unaleta maswali magumu zaidi. Filamu inafunguliwa kwa wimbo wa Muthoni Drummer Queen, “Suzie Noma”, ambao jina lake peke yake linatutia katika Sheng na katika mtaa. Kwenye kioski, uwanjani na katika gumzo la vijana wa kiume, Kiswahili na Sheng vinachanganyika na Kiingereza kama ilivyo Nairobi yoyote. Kena na Ziki wanapokuwa peke yao, hasa ndani ya gari bovu wanalolifanya maficho yao, Kiingereza ndicho kinachotawala. Ahadi wanayopeana, ya kutokuwa kama watu wengine wanaowaona mtaani, ni ahadi ya Kiingereza. Matokeo yake, pengine bila kukusudiwa, ni kwamba Kiswahili kinasikika zaidi kama lugha ya macho ya watu, na Kiingereza kama lugha ya moyo.

Mtu anaweza kujibu kwamba huo ni uhalisia: vijana wa tabaka la kati wa Nairobi huota kwa Kiingereza. Jibu hilo lina ukweli, lakini lina mipaka ya kijiografia. Chukua kijana wa Dindira, kwenye miteremko ya Usambara wilayani Korogwe. Kisambaa ni cha nyumbani, Kiswahili ni cha sokoni, cha shuleni na cha marafiki, na Kiingereza ni cha darasa la sekondari na karatasi ya mtihani. Kwake Kiingereza ndiyo lugha ambayo hakuna anayeweza kunong’ona ndani yake. Akiwasikiliza Kena na Ziki, angesikia watu wawili wakiambiana mambo ya ndani kwa lugha ya mwalimu, na huenda angehitimisha, kama wanavyohitimisha wapinzani wa filamu, kwamba jambo lenyewe limetoka nje. Hapo ndipo uchaguzi wa lugha unapoigharimu filamu. Hoja yake kubwa ni kwamba mapenzi haya yamezaliwa hapahapa, kati ya kioski, kanisa na uwanja wa mpira. Lugha ya faragha inaidhoofisha hoja hiyo kila maficho yanapofunguliwa.

Kwamba njia nyingine ilikuwepo, tunalijua kutokana na Stories of Our Lives (2014) ya Jim Chuchu na kundi la The Nest la Nairobi. Ni filamu ya visa vitano, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa kwa takriban dola 15,000 za Marekani, na iliyotokana na masimulizi yaliyokusanywa kwa Wakenya wenyewe. Nayo ilipigwa marufuku nchini kwao, kisha ikatunukiwa Berlin mwaka 2015. Kisa chake cha kwanza kinamhusu msichana wa sekondari anayempenda msichana mwenzake, na kinaitwa “Itisha Poa”. Katika Kiswahili sanifu mtu huitisha mkutano au mgomo. Katika Sheng huitisha kitu, yaani hukiomba, na poa ni vizuri, kwa upole. Omba kwa ustaarabu. Ni sentensi ambayo msichana wa shule anaweza kuisema huku akicheka, na ndani yake mna mchezo wa kutongozana uliokomaa katika lugha ya mtaa. Chuchu hana fedha, hana rangi, na hana nyimbo nyingi, lakini amewapa wahusika wake lugha yao. Rafiki ina rangi tele: waridi, zambarau, nywele za Ziki zinazong’aa. Katika lugha ya mapenzi, kisa kile kifupi kimeitangulia.

Pale ambapo Rafiki inajikomboa ni katika ukimya. Samantha Mugatsia, aliyetunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika FESPACO ya mwaka 2019, anaigiza zaidi kwa mabega na shingo kuliko kwa maneno. Yupo pia kijana wa mtaani ambaye wenzake humdhihaki kwa kumdhania kuwa anapenda wanaume. Baada ya Kena kupigwa, kijana huyu anakaa karibu naye. Hawazungumzi. Hakuna lugha inayopewa ushindi hapo, wala hapana haja.

Baba naye anastahili neno. Fasihi ya Kiswahili inamfahamu vizuri baba anayeharibu makuzi ya binti kwa kuyalinda. Zakaria wa Rosa Mistika (1971), riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyowahi kuzuiwa shuleni Tanzania, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na riwaya yote inalipa gharama ya kipigo hicho. John Mwaura anagundua jambo ambalo machoni pa mtaa ni zito zaidi ya barua yoyote, na lenye kuweza kumpotezea uchaguzi. Hampigi. Anasimama upande wa binti yake dhidi ya lawama za mama, kwa unyenyekevu wa mtu ambaye mwenyewe ameshindwa katika ndoa. Katika utanzu wa makuzi hilo ni tukio adimu, na wahakiki waliojishughulisha na marufuku hawajalipa uzito.

Kuna jaribio la kufikirika ambalo lingefaa kwa wanafunzi wetu. Katika mabanda ya video ya Tanzania, wafasiri kama marehemu Lufufu walijenga sanaa ya kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya awali. Tuseme mfasiri wa namna hiyo anapewa mazungumzo ya ndani ya lile gari bovu. Atamfanya Ziki amwite Kena nani? “Mpenzi” litakuwa wazi mno kwa ahadi ambayo bado haijajitambua. “Shoga” litaleta kicheko bandani. “Mwandani” ni la ushairi. Baada ya kuzunguka kote huko atarudi kwenye jina la filamu, na kugundua kwamba mle garini, ambamo hakuna wa kufichwa, neno “rafiki” halifuniki tena kitu. Ni jina la mtu unayesafiri naye.

Bodi ilimtaka Kahiu aubadilishe mwisho kwa kuwa una matumaini kupita kiasi, naye akakataa. Mwisho wenyewe ni mfupi. Miaka imepita, Kena yuko katika kazi ya udaktari, Ziki amerudi. Tunauona mkono tu, ukigusa bega, na Kena akigeuka.