Mkazo wa Maneno Marefu ya Kiingereza kwa Mzungumzaji wa Mrima: Uhakiki wa Dhana ya Kosa

Katika mijadala ya ufundishaji wa Kiingereza nchini, hudaiwa mara nyingi kwamba mwanafunzi wa pwani hukosea mkazo wa maneno marefu kwa kuwa Kiswahili hakina mkazo unaohama. Dai hilo halisimami. Mzaliwa wa Bagamoyo hulitaja jina la mji wake kwa kukaza silabi -mo-, lakini akisema Bagamoyoni mkazo huhamia -yo-. Ndivyo ilivyo kwa Kaole na Kaoleni, na kwa piga, pigana na piganisha. Mkazo unaofuata kiambishi ni ujuzi wa tangu utotoni. Kinachotofautiana ni namna ya kuhesabu.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Kiingereza hutazama kiambishi: photograph hukazwa silabi ya kwanza, photography ya pili, photographic ya tatu. Udhaifu wa uchambuzi uliozoeleka ni kutouliza kanuni ya Kiswahili inafaulu wapi. Education na examination hukazwa palepale inapokazwa Bagamoyo. Vivyo hivyo mengi yenye -ic, ingawa Arabic na politics hukaidi.

Tatizo liko kwenye -ity, -logy na -graphy, na hapa jambo si dogo. Mwanafunzi aliyesomeshwa msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta majina ya masomo yenyewe yamegawanyika: mathematics na physics yanamkubalia kanuni yake, ilhali biology, geography, history na chemistry hukazwa silabi ya tatu kutoka mwisho. Akiambiwa tu kwamba amekosea, hajui kwa nini jana alipatia. Hata mkazo huo si mgeni kwake: barabara yenye maana ya sawasawa wengi huikaza silabi ya tatu kutoka mwisho, na barabara ya kupita magari huikaza ya pili.

Ugumu halisi, ambao dhana ya kosa imeufunika, ni ugawaji wa silabi. Katika Kiswahili maandishi huonyesha silabi, hata m- ya mji inayobeba mkazo peke yake. Kiingereza hufifisha irabu zisizokazwa, nyingine zikamezwa kabisa: comfortable huandikwa kama neno la silabi nne, na wengi hulitamka kwa tatu.