Bastola ya Upepo Yenye Kitako: Imekuwa Bunduki, au Imevaa Nguo za Bunduki?

Ukikaa na watu wanaopenda silaha za upepo, hoja moja lazima utakutana nayo: kwa nini ununue bunduki fupi wakati bastola unayo? Funga kitako, tegemeza begani, kazi imeisha. Hoja inavutia, na kwa mfuko wa mwanafunzi inavutia zaidi. Tatizo ni kwamba inachanganya vitu viwili tofauti vya kifizikia. Hebu tuvitenganishe, uone wapi hoja ina ukweli na wapi inakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tuchukue mfano halisi: Crosman 1377, bastola ya Kimarekani iliyoingia sokoni mwaka 1977. Unaipampu kwa mkono, mara 3 hadi 10, halafu hewa iliyobanwa inasukuma kidonge cha milimita 4.5. Kampuni hiyo hiyo imetengeneza kitako cha plastiki kinachoitwa 1399. Unafungua skrubu, unatoa vibao vya mshikio, unafunga kitako. Ni kazi ya dakika chache.

Kitako kinatibu nini?

Kinatibu mkono wako. Kwenye mashindano ya kimataifa ya ISSF, bastola na bunduki za upepo zote hulengwa kutoka mita 10, na zote hutumia kidonge cha milimita 4.5. Lakini duara la alama 10 la bastola lina kipenyo cha milimita 11.5, na la bunduki lina milimita 0.5, yaani nukta ya kalamu tu. Je, mitutu ya bastola ni mibovu kiasi hicho? Hapana. Bana bastola nzuri ya mashindano kwenye jiliwa, vidonge vitapita karibu tundu moja. Tofauti kubwa inatoka kwa mtu aliyenyoosha mkono mmoja.

Piga hesabu. Mkono ukipotoka kwa nyuzi 0.1 tu, kwenye umbali wa mita 10 umekosea kwa milimita 17 hivi. Ongeza na triga. Bastola hii ina uzito wa kama gramu 900, na kitu chepesi kinasogea kirahisi kidole kikikivuta. Kitako kinaleta bega na shavu kusaidia mikono, na mtikisiko unapungua sana. Kwa hiyo anayekwambia bastola yake imeanza kupiga vizuri baada ya kufunga kitako si mwongo.

Na kipi hakibadiliki?

Nishati. Kidonge cha nusu gramu kikitoka kwa mita 180 kwa sekunde, ambayo ni karibu na kasi ya juu ya bastola hii, kinabeba kama jouli 8. Sasa funga kitako, upige hesabu tena. Jouli 8. Kidonge hakijui kama nyuma yake kuna bega.

Kwa nini? Kumbuka somo la sekondari: kazi ni nguvu mara umbali. Hewa inasukuma kidonge kwa muda wote kilichomo ndani ya mtutu, na mtutu wa 1377 una sentimita 26 hivi. Kidonge kinapotoka, hewa iliyo nyuma yake bado ina shinikizo, na sehemu kubwa ya mlio unaousikia ni hewa hiyo ikitoroka bila kufanya kazi. Mtutu mrefu zaidi ungeivuna. Waliojenga bastola wanalijua hili. Crosman walipotaka bunduki ndogo ya kubeba safarini kutokana na mtambo wa aina hiyo hiyo, yaani Backpacker 2289, waliweka kitako na pia wakarefusha mtutu.

Hata sheria ya Uingereza inatenganisha mambo haya: mpaka wa kawaida wa bastola ya upepo ni kama jouli 8, wa bunduki ni kama jouli 16. (Hiyo ni Uingereza. Ulipo wewe, uliza polisi kabla hujaagiza chochote.)

Vilengeo navyo

Hili wengi wanalisahau. Vilengeo vya bastola vimepimwa kwa mkono ulionyooshwa. Ukileta bastola begani, kilengeo cha nyuma kinasogea karibu na jicho, na mfuo wake unakuwa ukungu. Kwenye 1377 unaweza kukigeuza utumie upande wenye tundu, na tundu linafanya kazi vizuri karibu na jicho. Lakini ukitaka darubini, wengi huishia kung'oa kipande cha plastiki kilicho nyuma ya mtutu na kununua cha chuma. Jumlisha kitako, chuma na darubini, halafu linganisha na bei ya bunduki fupi. Ule unafuu uko wapi?

Tuwe wakweli pia kuhusu bunduki fupi, kwa sababu ufupi una gharama yake. Ya springi haiumizwi sana na mtutu mfupi, maana kidonge hupata karibu kasi yake yote mwanzoni. Ila pistoni yake inaruka na kugonga, na kadiri bunduki inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyorusharusha shabaha. Zile ambazo mtambo wake umerudishwa nyuma hadi kwenye kitako zinabaki na mtutu mrefu ndani ya umbo fupi, ingawa nyingi ni ghali.

Kinachonisumbua hasa

Kama unatoboa karatasi au makopo kwa mita 10, funga kitako ufurahi. Mgogoro wangu ni na mtu anayesema sasa ana bunduki, kisha anaenda kuwinda panya au kunguru. Kabla ya kitako, mkono uliotikisika ulimzuia kujaribu mita 30. Baada ya kitako, kilengeo kimetulia, anajiamini, anavuta triga. Kidonge kilichotoka na jouli 8 kimeshapoteza sehemu ya kasi kabla hakijafika. Kinampata mnyama bila kumuua, naye anaenda kufia anakojua mwenyewe, polepole.

Kwa hiyo ukisikia tena kwamba kitako kinageuza bastola kuwa bunduki, uliza swali moja: imegeuka kwa usahihi au kwa nishati? La kwanza, kwa kiasi kikubwa ndiyo. La pili, hata kidogo. Na kama kazi uliyonayo inahitaji la pili, weka akiba kidogo zaidi ununue bunduki.